UKURASA WA AFYA: MAJI YANAYOOKOA JINO



Ndugu wasomaji, mwezi wa Februari una kumbukumbu mbili zinazowagusa wagonjwa. Tarehe 11 ni ya Bikira Maria wa Lurdi, siku ambayo mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II aliifanya pia kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani. Siku mbili kabla yake, tarehe 9, Kanisa linamkumbuka mtakatifu ambaye wengi wetu hatumjui sana, yaani Apolonia wa Aleksandria, nchini Misri. Mwaka 249 kundi la watu waliowachukia Wakristo lilimkamata, likampiga mataya hata meno yake yakang'oka, kisha likawasha moto na kumtishia kumchoma asipomkana Kristo. Yeye mwenyewe akajitupa motoni. Habari hizi ziliandikwa na Dionisi, Askofu wa mji huo huo. Tangu zamani Wakristo wanaoumwa meno humwomba awaombee, na katika picha huchorwa akiwa ameshika koleo lenye jino.

Koleo hilo linatufikisha kwenye mazungumzo yetu. Katika familia zetu nyingi koleo bado ndilo jibu la kwanza. Jino likiuma tunavumilia, tunatafuna karafuu, tunanunua vidonge dukani, na tukishindwa kabisa kulala tunakwenda likang'olewe. Kung'oa si kosa, na yapo meno ambayo hayana dawa nyingine. Lakini mengi yanayotupwa kwenye ndoo za hospitali yangeweza kukaa kinywani miaka mingi bado, kama wenyewe wangepata matibabu ya kusafisha na kuziba mzizi.

Watu waliotibiwa hivyo husimulia habari za sindano ya ganzi, za mashine inayolia, na za kukaa na kinywa wazi muda mrefu. Wachache hukumbuka yale maji yaliyokuwa yakitiwa ndani ya jino tena na tena, na hata hao hudhani yalikuwa ya kusuuzia tu. La hasha! Yale maji ndiyo dawa yenyewe. Mwezi huu tuyatazame kwa makini: ni maji gani, yanafanya nini, na kwa nini yanaokoa jino mikononi mwa daktari lakini yanaunguza mikononi mwetu.

JINO LINA MOYO

Jino kwa nje ni gumu kuliko mfupa. Ndani yake kuna uwazi mdogo uliojaa nyama laini yenye damu na neva. Wengine huiita kiini, wengine moyo wa jino. Uwazi huo huteremka ndani ya kila mzizi kama mfereji mwembamba mpaka kwenye ncha, na hapo kuna tundu dogo sana ambamo mishipa hupita kutoka kwenye mfupa wa taya. Jino la mbele la juu kwa kawaida huwa na mfereji mmoja. Gego huwa na mitatu au minne, na mara nyingine zaidi.

Jino linapotoboka, vijidudu huchimba taratibu kuelekea huko ndani. Mwanzo mtu husikia ganzi kali akinywa maji baridi au akila kitu kitamu. Baadaye maumivu huja yenyewe, hasa usiku. Halafu siku moja yanakoma ghafla. Hapo wengi humshukuru Mungu na kusahau habari za daktari. Kumbe kilichokoma si ugonjwa. Moyo wa jino umekufa, na maiti haisikii maumivu. Sasa vijidudu vimepata nyumba yenye chakula, giza na joto, wala hakuna wa kuvifukuza, maana damu haifiki tena. Vinazaana, na sumu yao inapenya kwenye tundu la ncha na kuharibu mfupa. Ndiyo sababu baada ya miezi, au hata miaka, uso unavimba, au kipele chenye usaha kinatokea kwenye ufizi, kinapasuka, kinakauka na kurudi tena.

Hapa niseme jambo moja kwa wale wanaopenda vidonge vya rangi mbili. Vidonge husafirishwa na damu, na ndani ya jino lililokufa hamna damu. Dawa inaweza kupunguza uvimbe ulio nje ya mzizi kwa siku kadhaa, lakini chanzo kinabaki pale pale. Mtu anarudia dozi mara tatu kwa mwaka, kisha analalamika kwamba dawa za siku hizi ni hafifu. Dawa si hafifu. Haina njia ya kufika.

Kwamba vijidudu ndivyo adui hasa, lilithibitishwa vizuri mwaka 1965. Wataalamu watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi. Viini vya panya wa kawaida vilioza na kufanya majipu. Lakini walikuwapo pia panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Chakula kilijaa kwenye matundu ya meno yao vile vile, na bado viini havikuoza, bali vilianza kujijengea ukuta mpya wa kujifunika. Basi tundu peke yake haliozeshi jino, wala chakula kilichonasa peke yake. Ondoa vijidudu, na mwili unaijua kazi yake.

KIBUYU CHENYE SHINGO NYEMBAMBA

Lakini vinaondolewaje? Daktari hupiga sindano ya ganzi, hutoboa jino kwa juu mpaka kwenye uwazi, halafu huingiza vijisindano vyembamba vyenye makali kama tupa na kukwangua kuta za mfereji. Mgonjwa anayasikia haya, ndiyo maana anadhani tiba yote iko hapo.

Akina mama wanaosafisha vibuyu vya maziwa watanielewa upesi. Kibuyu kina shingo nyembamba na tumbo pana. Hata ukiingiza kijiti, utakwangua sehemu chache tu. Ni lazima utie maji ya moto, utikise, umwage, utie mengine, mpaka yatoke meupe na harufu ya uchachu iishe. Mfereji wa jino ni mgumu kuliko kibuyu, kwa kuwa haukunyooka wala hauko peke yake. Karibu na ncha mara nyingi hugawanyika kama Mto Rufiji unavyogawanyika kabla ya kuingia baharini. Baina ya mfereji na mwenzake kuna vichochoro, na kwenye kuta kuna vinjia vidogo mno ambavyo macho hayawezi kuviona, lakini vijidudu huingia humo.

Mwaka 2001 watafiti wa Zürich, Uswisi, walitumia picha maalumu kuona tupa hizo zinagusa wapi. Waliona kwamba, hata kwa vyombo vya kisasa vya mashine, asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji haikuguswa kabisa. Daktari anaweza kuwa hodari namna gani, theluthi nzima ya nyumba ya vijidudu haikufagiliwa! Kazi ya tupa basi ni kufungua njia na kuipanua kidogo, ili maji yapite.

Na siyo maji ya aina yoyote. Huko Sweden, Byström na Sundqvist walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika meno 15 yaliyooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale yale yanayotumika kwenye dripu, baada ya wagonjwa kurudi mara kadhaa ni meno 8 tu ambayo hayakuonekana kuwa na vijidudu. Katika meno mengine 15 yaliyooshwa kwa maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5, yaliyokuwa safi yalifika 12. Tupa zilikuwa za namna ile ile. Tofauti ilikuwa maji.

KLORINI, MTUMISHI WA ZAMANI

Maji hayo ya klorini kwa jina la kitaalamu huitwa haipokloraiti ya sodiamu. Jina linatisha, lakini dawa yenyewe tunaifahamu sote. Ndiyo iliyomo katika Jik tunayofulia mashati meupe. Ukipita katika zahanati utaona ndoo yenye harufu yake, ambamo vyombo vilivyotumika hulowekwa. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji safi, na hapo inapatikana ile nguvu ya asilimia 0.5.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi. Mwezi Aprili wa mwaka huo akina mama waliokufa katika wodi yake walikuwa karibu 18 katika kila 100. Mwezi Juni, baada ya kunawa kuanza, walikuwa wapatao 2. Wenzake hawakumshukuru, lakini hiyo ni habari nyingine.

Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi walikufa kwa majeraha yaliyooza. Mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel, wakiwa katika hospitali ya Compiègne, Ufaransa, walitafuta maji yatakayoua vijidudu bila kuunguza mno nyama iliyo hai. Mwaka 1915 Dakin alitangaza maji yake ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5, na Carrel akatengeneza namna ya kuyapitisha jerahani kwa mipira, yakibadilishwa kila baada ya muda. Wasomaji wetu huenda wakapenda kujua kwamba Carrel huyo ndiye aliyekwenda Lurdi mwaka 1902 akiwa na mashaka mengi, akashuhudia mgonjwa aliyemdhania kuwa wa kufa, binti aitwaye Marie Bailly, akipata nafuu mbele ya macho yake.

Kutoka kwenye majeraha klorini ilihamia kwenye meno. Mwaka 1936 daktari wa meno Mmarekani, Walker, aliandika akiisifu kwa kuoshea mizizi iliyooza. Mwaka 1941 Grossman na Meiman walijaribu dawa mbalimbali juu ya viini vilivyotolewa kwenye meno, nao wakaona kwamba maji ya klorini huyeyusha nyama ya kiini kuliko nyingine walizozipima. Tangu hapo zimetokea dawa mpya nyingi, lakini klorini haijaondolewa katika kiti chake.

Sababu ni kwamba inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inaua vijidudu, na inayeyusha nyama iliyokufa ambayo ndiyo chakula chao na maficho yao. Katika vile vichochoro ambavyo tupa haifiki, maji haya hufika na kula uozo. Lakini yanapofanya kazi yanachoka. Baada ya muda mfupi nguvu yake imekwisha, na lazima yatolewe yatiwe mengine. Hapo ndipo muda unapokwenda. Kwa gego lenye mifereji minne, kuosha peke yake kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mgonjwa anaona daktari "anachezea maji" badala ya kumaliza. Mimi ningemwogopa zaidi daktari anayemaliza gego lililooza kwa dakika kumi.

Madaktari hawakubaliani juu ya nguvu inayofaa. Wapo wanaotumia asilimia 0.5 au 1, wengine 2.5, wengine mpaka 5 na zaidi. Yenye nguvu huyeyusha upesi, lakini ikitoroka inaunguza zaidi. Kwa maoni yangu, maji hafifu yanayobadilishwa mara nyingi na kwa subira yanafaa kuliko makali yanayotiwa mara moja. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba yawe mapya. Klorini hufifia ikikaa juani, penye joto, au katika chupa iliyofunguliwa siku nyingi, na ndiyo sababu huwekwa katika chupa isiyopitisha mwanga. Wapo madaktari wanaotumia ile ya kufulia baada ya kuipunguza nguvu, na hilo si la kuwashangaza, mradi iwe haina manukato wala sabuni.

WASAIDIZI WAKE

Klorini ina upungufu mmoja. Tupa zinapokwangua, huacha utando wa unga wa jino uliochanganyika na uchafu, nao hubandika kwenye kuta na kuziba vile vinjia vidogo. Klorini haiwezi kuyeyusha unga huo, kwa sababu ni wa madini. Mwaka 1957 Nygaard-Østby wa Norway alileta dawa iitwayo kwa kifupi EDTA, ambayo hunyakua madini ya chokaa. Siku hizi hutumika kwa nguvu ya asilimia 17, mwishoni mwa kazi, kwa muda wa dakika moja hivi. Utando unaondoka, milango inafunguka, na klorini hutiwa tena kidogo iingie palipokuwa pamefungwa.

Msaidizi mwingine ni klorheksidini, ambayo ikiwa hafifu hutumika pia kusukutulia kinywa. Kwenye mizizi hutiwa kwa nguvu ya asilimia 2. Inaua vijidudu vizuri na haiunguzi kama klorini, lakini haiyeyushi nyama iliyokufa hata chembe, kwa hiyo haiwezi kushika nafasi yake. Tena hizi mbili hazipatani. Zikikutana ndani ya jino hufanya mashapo ya rangi ya kahawia ambayo huziba vinjia na kutia jino doa, na zinaaminika kutoa kemikali isiyofaa mwilini. Daktari mwangalifu huosha ya kwanza kwa maji ya chumvi na kukausha kabla ya kutia ya pili.

Siku hizi baadhi ya hospitali zina vyombo vinavyoyatetemesha maji yakiwa ndani ya mfereji, kama vile mtu anavyotikisa kile kibuyu chetu. Vinasaidia kweli. Lakini pasipokuwa navyo, bomba la sindano na subira bado vinaokoa meno.

KWA NINI UNAFUNIKWA MPIRA

Tuliposema klorini inayeyusha nyama iliyokufa, hatukusema kwamba inaijua nyama iliyo hai na kuiheshimu. Haiijui. Ndani ya mzizi imezungukwa na kuta ngumu na inafanya kazi inayotakiwa. Ikitoka nje ya kuta hizo inaunguza inachokikuta. Usalama wote wa matibabu haya unategemea kuizuia ibaki ndani.

Kwanza kuna mpira. Ni kipande cha mpira mwembamba kama wa puto, chenye tundu ambamo jino linalotibiwa peke yake huchomoza, na hushikwa na kibanio kidogo cha chuma. Aliyebuni alikuwa daktari Barnum wa New York, mwaka 1864. Mpira huo huzuia maji ya klorini yasiingie kinywani na kooni, huzuia zile tupa ndogo zisimezwe zikiponyoka, na huzuia mate, ambayo yamejaa vijidudu, yasiingie katika mzizi unaosafishwa. Wagonjwa wengi hawaupendi. Wanasema wanakosa pumzi. Pumua kwa pua, polepole, utazoea baada ya dakika chache. Kama una mafua makali yaliyoziba pua, ni afadhali kuomba siku nyingine. Na kama mwili wako hukataa mpira (wapo wanaovimba wakivaa glavu au wakipuliza puto), au uliwahi kudhurika kwa klorini au kwa dawa ya kusukutua, sema mapema, kabla hujalala kwenye kiti.

Pili kuna sindano. Ile ya kuoshea mzizi ni nyembamba, na zilizo bora zimezibwa kwenye ncha na kutobolewa ubavuni, ili maji yatoke kando yasisukumwe moja kwa moja kwenye tundu la ncha ya mzizi. Haifikishwi mwisho wa mfereji. Huachwa nyuma kiasi cha milimita 2, na haikandamizwi ikakwama. Maji hutiwa taratibu, kwa kidole chepesi.

Mara chache sana maji hutoroka na kuingia katika nyama iliyo nje ya mzizi. Mgonjwa hujua papo hapo: maumivu makali ya ghafla ingawa alipigwa ganzi, damu inatoka kwenye mfereji, na shavu linavimba ndani ya dakika chache. Baadaye ngozi hufanya weusi kama mtu aliyepigwa. Ukisikia maumivu ya namna hiyo usivumilie kwa heshima, inua mkono. Daktari ataacha, ataosha kwa maji ya chumvi, atakupa dawa ya maumivu, na atakueleza ukande kwa kitu cha baridi siku ya kwanza na cha uvuguvugu siku zinazofuata. Wengi hupona kabisa baada ya wiki chache, ingawa wapo waliobaki na ganzi sehemu ya uso. Uvimbe ukishuka shingoni, au pumzi ikiwa nzito, ni wa kupelekwa hospitali kubwa mara moja.

Na kwa mambo madogo: nenda na nguo ya kawaida. Tone moja la klorini likianguka kwenye kitenge cha Jumuiya, alama yake haifutiki.

USIJARIBU NYUMBANI

Naandika sehemu hii kwa msisitizo. Wapo watakaosoma kwamba daktari anatumia klorini, na kwamba klorini hiyo imo katika Jik, halafu wakaona njia fupi. Usitie Jik katika jino lililotoboka, wala usiisukutue. Nyumbani hakuna mpira, hakuna picha ya eksirei, na mfereji haujafunguliwa. Dawa haitafika kwenye ugonjwa hata kidogo, bali itaunguza ulimi, ufizi na koo. Ubaya huo huo, na zaidi, unapatikana kwa wanaotia maji ya betri. Hayo huunguza ufizi na mfupa, na jino huvunjika vipande vipande hata daktari akose pa kulishika.

Karafuu ni jambo jingine. Mafuta yake yanatuliza maumivu kweli, na wataalamu hawayadharau: ile harufu ya karafuu unayoisikia katika vyumba vya madaktari wa meno ni ya dawa ya kuzibia kwa muda, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta hayo na unga wa zinki. Basi zao la Unguja na Pemba limeingia hospitalini kwa mlango wa mbele. Tafuna punje moja usiku ule, lakini asubuhi nenda hospitali. Karafuu inanyamazisha jino. Haiufikii uozo ulio katika mzizi.

Kwa kuwa tumeitaja Jik, wazazi waangalie jambo hili pia. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Isichanganywe na dawa za chooni zenye asidi, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Mtoto akiimeza, msimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili inapopanda. Msuuzeni kinywa, mpeni maji au maziwa kidogo kama anaweza kumeza, kisha mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikiingia jichoni, oshea maji mengi safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi kabla ya kuanza safari.

BAADA YA KUOSHWA

Mzizi uliooshwa ukawa safi hukaushwa na kuzibwa kwa gutaperka, ambayo ni utomvu wa mti uliogandishwa. Mara nyingine daktari haridhiki siku ya kwanza. Hapo hutia ndani dawa nyeupe ya chokaa, huziba kwa juu na kukupa tarehe ya kurudi. Hapa ndipo meno mengi hupotea! Maumivu yamekwisha, nauli ni ya shida, mahindi yanasubiri palizi, na mtu harudi. Dawa ya kuzibia kwa muda haikutengenezwa kukaa miezi. Inapasuka, mate yanaingia, na kazi yote ya maji inabatilika. Ukijua tangu mwanzo kwamba hutaweza kurudi, mwambie daktari wazi. Huenda akapanga kumaliza kwa siku moja au akakushauri vinginevyo.

Siku mbili tatu za kwanza jino linaweza kuuma kidogo ukitafuna. Hilo ni la kawaida. Homa, au uvimbe unaoongezeka, si wa kawaida. Mama mjamzito asiogope kutibiwa. Aeleze tu hali yake, kwani usaha unaokaa mwilini ni hatari kwake kuliko kuoshwa mzizi.

Gharama ni kubwa kuliko ya kung'oa, hatuwezi kuficha. Tena gego lililotibiwa linahitaji kujengwa vizuri juu yake, na mara nyingi kuvikwa kofia, la sivyo litapasuka siku ukitafuna mfupa. Kwa hiyo familia ipime: ni jino la kutafunia au halina mwenzake wa kukutana naye? Limebaki la kutosha kujengewa? Maswali hayo muulizeni daktari kabla ya kuanza, na muulize pia anaoshea nini na kama anatumia mpira. Daktari mzuri hachukizwi na swali.

Mfupa ulioharibiwa na usaha haurudi kwa wiki moja. Katika picha ya eksirei huonekana kama kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, na kivuli hicho hupungua polepole mfupa unapojaa. Ndiyo maana daktari hutaka picha nyingine baada ya miezi sita au mwaka, hata kama huumwi. Ile picha ya kwanza msiitupe wala kuwapa watoto waichezee. Ibaki pamoja na kadi zenu za hospitali, maana bila hiyo hakuna cha kulinganisha.